Jeraha Lisilotoa Damu: Kuutunza Moyo wa Mtoto



Twajua sote wajibu wa mzazi wa kumlisha mtoto, kumvika na kumpeleka masomoni. Leo twataka kueleza wajibu mwingine, ambao wengi wetu hatukufundishwa: kuutunza moyo wake. Mtoto aweza kushiba bugali na sombe, na huku ndani ana jeraha. Jeraha hilo halitoi damu. Twaona alama zake tu, na mara nyingi twazifahamu vibaya.

Hapa Kivu watoto wengi wameonja hofu kubwa kabla ya kujua kusoma. Wengine waliukimbia moto wa mlima Nyiragongo tarehe 22 Mei 2021, wakapotezana na wazazi njiani. Wengine walisikia milio ya bunduki mwaka 2025, vita vilipoingia Goma mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari. Wengine hawakuona vita, lakini wamefiwa na mama, au wanapigwa kila siku nyumbani.

Tutoe mfano. Mvulana wa miaka tisa alifika kijijini kwetu pamoja na shangazi yake, wakiwa wakimbizi. Kila usiku alikojoa mkekani. Shangazi alimpiga, majirani wakanong'ona kwamba ana uchawi. Katika mafundisho hakujibu swali hata moja, na sisi makatekista tukamwita mkaidi, tukampigisha magoti nje. Twakiri leo kwamba tulikosa. Tuliadhibu jeraha.

Sasa tueleze. Mtoto aliyeona hatari, mwili wake hubaki macho, kama mlinzi ambaye hakuambiwa kwamba adui ameondoka. Usingizi wamkatika, ndoto mbaya zamjia, mkojo wamtoka asijue. Mdogo hurudi nyuma: alikwisha kuacha kushika nguo ya mama, sasa aishika tena. Mwingine anyamaza kabisa. Mwingine acheza mchezo wa vita kutwa nzima. Hawafanyi hivyo kwa kusudi. Tena fimbo haiponyi hofu, maana fimbo yenyewe ni hofu nyingine.

Kijana huonyesha kwa njia nyingine. Akasirika kwa neno dogo, ajitenga na rafiki zake, aacha masomo, aanza kunywa pombe. Tukisema, «Huyu ameharibika,» twamsukuma mikononi mwa wale wanaomngojea na bunduki. Shirika la Afya Ulimwenguni lafundisha kwamba, duniani kote, kijana mmoja kati ya 7 wenye miaka 10 hadi 19 ana ugonjwa fulani wa moyo au wa akili. Basi si jambo la aibu ya ukoo mmoja.

Na uchawi? Ndugu wapenzi, kumsingizia mtoto uchawi ni dhambi kubwa mbele ya Mungu, na ni kosa mbele ya serikali. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, yalikataza jambo hilo, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto yaliwekea adhabu.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tumpe mtoto mazoea yasiyobadilika: chakula kwa saa yake, kulala kwa saa yake, masomo, michezo na wenzake, sala ya jioni pamoja. Siku zinazofanana humwonyesha kwamba hatari imepita.

Pili, tumsikilize bila kumlazimisha. Tukae naye katika kazi ndogo, kama kumenya mihogo au kuchunga mbuzi. Hapo maneno hutoka yenyewe. Akilia, tusimwambie, «Nyamaza, wewe ni mwanaume.»

Tatu, tumwambie ukweli kwa maneno machache. Tukisema kwamba baba aliyekufa amesafiri, mtoto atakaa njiani kila jioni akimngoja.

Nne, wazazi nao wautunze moyo wao. Mama aliyechoka na kuogopa aeleze shida yake kwa jirani mwema au katika jumuiya yetu ya wakristu. Mtoto husoma uso wa mama kabla ya kusoma kitabu.

Tano, tujue mpaka wetu. Shida ikipita mwezi mmoja bila kupungua, au mtoto akikataa kula, tumpeleke kituo cha afya. Akijiumiza, au akisema kwamba ataka kufa, tusingoje hata siku moja: tusimwache peke yake, tuondoe karibu naye sumu ya panya na dawa za shamba, tumpeleke mara moja. Sala na mganga wa hospitali hawagombani.

Yule mvulana je? Shangazi aliacha fimbo, akawa akimwamsha usiku ili aende haja. Sisi tukaacha kumwadhibu, tukamwita akae karibu nasi tulipokuwa tukisuka vikapu. Baada ya majuma mengi alisema neno moja: siku ya kukimbia aliuachilia mkono wa mdogo wake katika msongamano, na mdogo hakuonekana tena. Muda wote huo alijiona mwuaji. Tulimwambia, «Si wewe uliyemwacha. Vita ndivyo vilivyomnyang'anya mkononi mwako.» Alilia sana. Mkeka haukukauka siku ile, lakini polepole ulikauka, na katika mafundisho akaanza kujibu.

Tukumbuke Maria na Yosefu, waliomtafuta Yezu siku tatu. Walipomwona hekaluni, Mama alimwuliza sababu, akamweleza uchungu wao, akasikiliza jibu. Hawakulifahamu jibu lile. Hata hivyo Mama aliliweka moyoni. Nasi tuulize kwanza, tusikilize, ndipo tuamue.

Maswali ya kukumbuka

Mtoto akojoaye usiku baada ya hofu, ametenda dhambi?
— Hapana. Ana jeraha la moyo, ahitaji kutunzwa.

Dawa ya kwanza ya jeraha hilo ni nini?
— Ni mtu mzima amsikilizaye asimwogopeshe.

Mtoto akisema ataka kufa, tufanye nini?
— Tusimwache peke yake, tumpeleke kituo cha afya mara moja.

Kwaherini, hadi somo lijalo.