Gari ya zamani ikikataa kuwaka asubuhi: tuulize buji kwanza

Kooperative zingine za milimani zingali zinabeba mavuno kwa gari za esanse za zamani: Peugeot 404 bashe, ao Land Cruiser ya mfululizo wa 40. Aina zote mbili zilianza kutengenezwa mwaka 1960. Ni gari za nguvu, na fundi wa kijiji anaweza kuzifungua kwa funguo chache. Lakini zinatumia kabiratere, na kabiratere haipendi baridi. Milima ya Lubero na ya Masisi inapita mita 2 000 mahali pengi, na alfajiri motere imepoa kabisa. Gari ikikawia saa mbili kuwaka, maziwa yanachacha, kabichi zinafika sokoni wakati wanunuzi wamekwisha kwenda, na hasara ni ya wanamemba wote.

Kuna hasara ya pili: kubadilisha vyombo ovyo. Gari haiwaki, tunanunua batiri. Haiwaki tena, tunanunua kabiratere. Mwishoni tunakuta ilikuwa waya yenye unyevu tu. Hapa tunaeleza namna ya kutafuta ugonjwa kwa utaratibu, tukianza na kazi zisizoomba franga.

Sababu baridi inasumbua motere

Esanse ikiwa maji haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake, ukichanganyika na hewa. Motere yenye kupata moto inatumia karibu kilo 15 za hewa kwa kilo 1 ya esanse. Lakini wakati wa baridi sehemu kubwa ya esanse inabaki matone, inashika kwenye kuta za njia ya hewa. Kwa hiyo sharti kutia esanse nyingi zaidi, ili ule mvuke kidogo utoshe.

Hii njo kazi ya starteri. Tuelewane: starteri ni ile tirete ya kuvuta kwa mkono, siyo demarere yenye kuzungusha motere. Katika kabiratere nyingi tirete inafunga kibati kwenye mlango wa hewa; katika zingine inafungua njia ya pekee ya esanse. Matokeo ni yaleyale: hewa kidogo, esanse mingi.

Basi motere baridi inaomba vitu vitatu: kuzungushwa kwa nguvu, moto mzuri wa buji, na mvuke wa kutosha. Tuvipime kimoja kimoja.

Hatua ya 1: Sikiliza demarere

Weka gari kwenye nyutro, vuta breki ya mkono, vuta starteri yote, kisha zungusha. Usipitishe sekunde 10 kwa mara moja, na pumzisha demarere nusu dakika mbele ya kurudilia.

Ikiwa inazunguka polepole, hapana kugusa kabiratere. Angalia vichwa vya batiri: ule unga mweupe ao wa kijani unazuia umeme. Tenganisha waya, safisha kwa maji ya moto na brosi, kausha, kisha kaza vizuri. Usisahau waya mnene wenye kwenda kwenye chasi. Mwenye kipimo cha umeme apime: batiri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inaonyesha karibu 12,6. Wakati wa kuzungusha isishuke chini ya 9,6. Ikishuka sana, hata moto wa buji unakuwa zaifu, na tunazania buji njo mbaya, kumbe ni batiri.

Angalia pia mafuta ya motere. Mafuta mazito sana yanafanya motere kuwa ngumu asubuhi.

Hatua ya 2: Fungua buji moja

Demarere ikizunguka vizuri na gari ikatae mara tatu, acha kuzungusha. Fungua buji moja uiangalie palepale. Buji ni shahidi, itakuambia njia ya kufuata.

*Buji ni kavu, haina harufu ya esanse.* Esanse haifiki. Kwanza angalia kama tirete inavuta kweli: kamba yake inaweza kuwa imekatika ao kukwama. Kisha jiulize gari imelala siku ngapi. Joto la motere linakausha esanse katika bakuli la kabiratere, na gari iliyosimama siku nyingi inaweza kuwa na bakuli tupu. Pompe nyingi za zamani zina kiwiko kidogo cha kupampu kwa mkono. Pampu mpaka bakuli lijae. Ikiwa esanse haifiki bado, tafuta filtri iliyoziba, bomba lililopasuka lenye kuvuta hewa, ao pompe iliyochoka.

*Buji imelowa esanse.* Esanse iko, lakini moto hauko, ao esanse imezidi. Sukuma starteri ndani, kanyaga akselereta mpaka chini bila kupampu, zungusha sekunde 10. Hewa nyingi itakausha ndani. Ikikataa, nenda hatua ya 3.

*Buji ni nyeusi, ina masizi makavu.* Motere imekula esanse nyingi kwa muda mrefu. Mara nyingi shofere anasahau kusukuma starteri, filtri ya hewa imejaa vumbi, ao starteri hairudi yote. Milimani hewa ni nyepesi, kwa hiyo ugonjwa huu unakuja upesi kuliko bondeni.

Hatua ya 3: Pima moto

Rudisha buji zote mahali pake. Tumia buji ya akiba: iingize kwenye waya mmoja, chuma yake iguse motere, mbali na kabiratere. Usiishike kwa mkono. Mtu mwingine azungushe. Moto wa buluu wenye kulia ni mzuri. Moto wa manjano ao kutokuwa na moto ni ugonjwa.

Anza na unyevu: ukungu wa asubuhi unalala juu ya kifuniko cha delko na waya za buji. Fungua kifuniko, pangusa ndani na nje kwa kitambaa kikavu, tafuta mistari ya nyufa. Kisha angalia visi platine: katika gari nyingi za namna hii nafasi yake ni karibu milimita 0,4, na ya buji 0,6 ao 0,7. Kitabu cha gari kikisema namba ingine, fuata kitabu. Bobine na kondasatere vinakuja nyuma.

Ikiwa moto ni mzuri na esanse inafika

Sasa tushuku esanse yenyewe. Ile ya kununua njiani kwa Kadhafi inaweza kuwa na maji ao petroli ya taa. Jaza chupa nyeupe, iache dakika kumi: maji yatakaa chini. Petroli haionekani hivyo, lakini inakawia kutoa mvuke, na gari inakataa asubuhi ingawa mchana inawaka.

Gari ikiwaka na starteri lakini inazima kila mara tukiisukuma, hata motere ikipata moto, safisha jiklere ya ralanti na utafute mahali hewa inaingia chini ya kabiratere. Ikiwa yote haya ni mazuri, muite fundi apime kompresio.

Hatari

Hapana kumwaga esanse katika mdomo wa kabiratere wakati mwenzako anazungusha. Motere inaweza kurudisha moto kupitia mlango huo, na mwenye kushika chupa njo anaungua. Sigara, mshumaa na taa ya petroli vikae mbali. Kuwe na ndoo ya mchanga karibu. Usiwashe gari katika nyumba iliyofungwa: moshi wake unaua bila kuonekana.

Kazi ya komite

Kuwe na kaye moja ndani ya gari. Kila asubuhi ngumu shofere aandike: siku, gari ililala siku ngapi, demarere ilizunguka namna gani, buji ilikuwa kavu ao imelowa, na kitu kimoja alichobadilisha. Kimoja tu, kwa sababu tukibadilisha vitatu pamoja hatutajua kipi kiliponyesha gari.

Tunashauri kesie asitoe franga ya kabiratere mpya kabla komite haijasoma kaye hiyo. Buji ya akiba, brosi, kitambaa kikavu na chupa nyeupe havina bei kubwa. Viwe ndani ya gari leo, mbele ya siku ya soko.