Mcheza Ngoma wa Kihagara Naye ni Mfanyakazi

Mkulima wa Mbinga akipeleka kahawa yake chamani hupimiwa kwa mizani, na bei ikiwa ndogo hulalamika mkutanoni mpaka wakubwa wasikie. Mvuvi wa Ziwa Nyasa naye hauzi samaki wake kwa asante. Lakini mcheza ngoma wa kijijini, ambaye aghalabu ndiye mvuvi na mkulima yule yule, akiitwa kumlaki mgeni mkubwa hutoka alfajiri, husimama juani mpaka adhuhuri, hucheza dakika kumi vumbini, kisha hupewa soda moja na kuambiwa kuwa utamaduni wetu udumu. Twauliza: udumu kwa kula nini?

Kihagara ni kata ya Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Mwambao ule una mali yake: mganda wa wanaume na kioda ya wanawake. Wasioujua mganda huudhani kuwa ni mchezo wa tangu enzi za mababu wa mababu. Sivyo hata kidogo. Mwezi Agosti 1914 mizinga ililia Liuli, pale meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ilipoishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani. Vita vile viliwachukua vijana wa pande zote za ziwa kuwa askari na wapagazi, na waliorudi makwao walikuwa wameona gwaride na kusikia bendi. Tarumbeta hawakuwa nazo. Basi walitwaa kibuyu, wakakitoboa, wakaziba tundu kwa utando wa buibui, na walipokivumia kwa mdomo kikalia mithili ya tarumbeta. Wakajipanga mistari, wakapeana vyeo, wakavaa kaptura nyeupe na soksi ndefu, wakaanza kushindana kijiji kwa kijiji. Ng'ambo ya ziwa, nchini Malawi, ngoma ya namna hiyo huitwa malipenga.

Wako wanaosema kuwa huo ni uigaji tu wa Mzungu. Sisi hatukubali. Mtu aliyenyimwa chombo akakitengeneza kutokana na kibuyu na buibui hajaiga, amebuni. Na wenye masikio ya kusikiliza watatambua kwamba nyimbo zake si za bwana yeyote wa kambini, bali ni za kijiji, za kumsifu huyu na kumsuta yule.

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge kama Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, alisikitika kwamba vijana waliosoma walijua rumba na chachacha lakini ngoma za kwao hawakuzijua, akatangaza kuunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Baraza la Sanaa la Taifa likafuata kwa sheria ya 1984. Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo kilianza 1981, na tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Vyombo hivyo ni vyema, lakini kutoka Kihagara mpaka Bagamoyo ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Mwalimu wa mganda yuko papo hapo kijijini, naye ni mzee. Akifariki kabla hajamwonyesha kijana namna ya kuuchukua utando bila kuuchana, hakuna chuo kitakachoweza kumrudisha. Shule za msingi za mwambao zina wasaa wa michezo. Hazina budi kumwita mzee huyo, na zikimwita zimpe chochote, kama anavyopewa fundi anayekuja kutengeneza madawati.

Wengine husema, ipo mikopo. Ni kweli. Kwa sheria ya 2018, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Kikundi cha kioda ni kikundi cha wanawake kama kile cha kufuga kuku, nacho chaweza kujiandikisha na kuomba fedha za kununulia ngoma na sare. Ila mkopo hulipwa kwa mapato, na soda haiwezi kurejeshwa benki.

Kwa hiyo shabaha yetu ni bajeti ya sherehe. Kamati inapokaa hukadiria viti, turubai, kipaza sauti, mafuta ya magari, na mwimbaji wa mjini ambaye hatapanda jukwaani kabla hajaona fedha zake. Hatumlaumu, anaijua thamani ya kazi yake. Tunachotaka ni mstari mmoja zaidi katika karatasi ile, wenye jina la kikundi cha kijiji na kiasi mlichopatana nacho kabla, si baada ya ngoma kwisha. Wanachama wenzetu ndio aghalabu walio katika kamati hizo. Hawawezi kusema hawakuambiwa.

Na anayekuja na simu kurekodi ngoma hizi ili azirushe mtandaoni apate pesa, aanze kwa kuomba ruhusa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazilinda sanaa za jadi pia. Viongozi wa vijiji waisome, waiwekee nakala ofisini, na siku ya mgeni wawe nayo mkononi.