Mafuta yanatoka kwenye ponti ya nyuma: tufanye nini mbele ya kupakia mpunga?



Wengi wenu mnatujua sisi kwa mambo ya mbegu, mbolea na mifereji ya maji. Leo tunaongea juu ya motoka. Sababu ni hii: msimu uliopita, hapa Kiringye, tulikuta Land Rover ya zamani ya koperative moja imesimama kwenye hangari, mifuko ya mpunga imeshapangwa nyuma, na chini ya pine ya nyuma ya kushoto kuna doa jeusi la mafuta. Komite ilitaka motoka iondoke siku ile ile, juu mnunuzi alikuwa anangoja Bukavu. Shofere akakataa. Wengine walimkasirikia, lakini sisi tulimpa haki. Mafuta yale yalikuwa yameshaingia ndani ya freni. Motoka ya namna ile inaweza kupanda Ngomo bila shida, lakini wakati wa kurudi, ikiwa imebeba mifuko ya mbolea kwenye mteremko ule ule, pine moja ingeshika na nyingine ingeteleza.

Kwa hiyo tumeuliza mafundi wenye uzoefu, tumeshika kazi pamoja nao, na tunawaandikia tuliyojifunza.

Kwanza: mafuta gani yanatoka?

Ponti ya nyuma ni lile bomba nene la chuma linalounganisha pine mbili za nyuma. Katikati yake kuna diferansieli, yaani gia zinazogawa nguvu kwa pine zote mbili. Ndani mna mafuta mazito, mara nyingi ya namba 90, na harufu yake ni kali, inakaribia ya kiberiti. Mafuta ya freni ni mepesi kama maji na hayana harufu ile. Ukiona mafuta mepesi ndani ya pine, angalia kikopo cha mafuta ya freni: kama yamepungua, shida iko kwenye freni yenyewe, si kwenye ponti. Usiendeshe.

Pili: yanatokea fasi gani?

Osha ponti yote kwa brashi na mazuti kidogo, pangusa, halafu endesha motoka safari fupi bila mzigo. Isimamishe fasi tambarare, weka kartoni chini, kisha angalia. Fasi za kutazama ni tatu:

1. Kwenye pua ya diferansieli, pale mti wa chuma unaotoka kwenye vitesi unapoingia.
2. Kwenye maungio ya diferansieli na bomba la ponti, au kwenye vizibo vya kujazia na kumwagia.
3. Nyuma ya pine, upande wa ndani. Hii ndiyo hatari kuliko zote, juu freni iko pale.

Tatu: anza na kile kisicho na bei

Juu ya ponti kuna kitu kidogo ambacho watu wengi hawakijui: kipumulio, ambacho mafundi wanakiita reniflari. Motoka ikitembea, ponti inapata moto na hewa iliyo ndani inataka kutoka. Kipumulio kikizibwa na matope ya mashamba yetu ya mpunga, hewa inasukuma mafuta yapite kwenye mipira. Unaweza kubadilisha mpira mara tatu na mafuta yataendelea kutoka, kumbe tatizo ni tope tu. Na ponti yenye moto ikiingia ghafla ndani ya mto, hewa ya ndani inapoa na kuvuta maji. Ukifungua na kukuta mafuta yana rangi ya chai ya maziwa, jua maji yameingia: yamwage yote, weka mapya.

Fungua kipumulio, kioshe, pulizia mpaka upepo upite. Wengine wanaweka tiyo ndogo na kuipandisha juu ya shasi ili matope yasifike. Ni wazo zuri.

Halafu pima mafuta. Motoka iwe tambarare na imepoa. Fungua kizibo cha kujazia: mafuta yafike kwenye ukingo wa chini wa tundu, basi. Yakizidi, yatatafuta njia ya kutoka. Na wakati wa kubadilisha mafuta, fungua kizibo cha kujazia kwanza, ndipo ufungue cha kumwagia. Kama cha juu kimekwama na umeshamwaga yote, motoka itabaki pale pale.

Nne: kubadilisha mpira wa kitovu cha pine

Mpira huu mafundi wanauita jointi spi. Ni pete ya chuma yenye mdomo wa mpira unaobana mafuta yasipite. Ukizeeka unakauka na kupasuka.

Mbele ya kuinua motoka, weka mawe makubwa mbele na nyuma ya pine za mbele. Usitegemee freni ya mkono. Kwenye Land Rover nyingi za zamani freni ile inashika mti unaokwenda nyuma, haishiki pine zenyewe. Ukiinua pine moja ya nyuma, ile iliyoinuliwa inazunguka na motoka inaweza kuteleza ikuangukie. Na usiingie chini ikiwa imeshikwa na kiriki peke yake. Weka magogo imara chini ya ponti.

Kwenye Land Rover hizo, kazi inakwenda hivi. Toa pine, kisha tamburi ya freni. Usipulize vumbi la freni. Garnitiri za zamani zinaweza kuwa na amianti, nayo inaharibu mapafu. Lowesha kwa maji, ndipo upanguse. Fungua bulo za sahani ya nje, vuta mti wa ponti, nyoosha kile kibati kinachofunga ekru, fungua ekru, kitovu kitoke. Ng'oa mpira wa zamani.

Sasa pitisha ukucha kwenye chuma ambapo mdomo wa mpira unasugua. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, mpira mpya hautasaidia. Kile chuma kibadilishwe. Angalia pia rulema: kama zinacheza, kitovu kitatikisika na mpira mpya utakufa haraka.

Paka mafuta kwenye mdomo wa mpira mpya. Upande wenye springi uangalie ndani, kule mafuta yanakotoka. Uingize ukiwa umenyooka, kwa ubao na nyundo ndogo, polepole pande zote. Rudisha kitovu na rulema zenye grisi, kaza ekru mpaka kitovu kisicheze lakini kizunguke bila kukwama, kisha kunja tena kibati. Weka karatasi mpya kwenye sahani ya nje.

Garnitiri zilizolowa mafuta zisioshwe kwa esansi wala kuchomwa ili zitumike tena. Mafuta yameshaingia ndani, na yatatoka zikipata moto. Badilisha pande zote mbili, kushoto na kulia, ili motoka isivutwe upande mmoja.

Kazi za kumwachia mekanisie

Kwenye Hilux na Land Cruiser nyingine, rulema imebanwa juu ya mti wenyewe na inahitaji mashine ya kukandamiza. Msipige nyundo. Mpira wa pua ya diferansieli nao si wa kujaribu: katika motoka nyingi, namna ekru ile inavyokazwa ndiyo inayopanga mbano wa rulema za gia. Ikikosewa, gia zitalia na kuisha.

Na tafadhali, acheni dawa za barabarani: kujaza grisi ndani ya ponti, kufunga kitambaa, kupaka sabuni. Zinaficha ugonjwa tu.

Baada ya kazi

Endesha kilomita chache, simama, gusa kwa uangalifu vitovu viwili vya nyuma. Kimoja kikiwa na moto sana kuliko kingine, ekru imekazwa kupita kiasi au freni inakamata. Rudi nyuma kabla ya kupakia.

Mafuta ya zamani yaweke kwenye bidoni yenye kifuniko. Yasimwagwe kwenye mfereji: maji yale yale yanaingia shamba la jirani na kwenye mtungi wa mama anayechota chini.

Tunaomba kila komite ichague mtu mmoja wa kutazama chini ya motoka kila juma na kuandika kwenye daftari, na iweke akiba ya mipira miwili mbele ya mavuno. Ile Land Rover tuliyowaeleza ilitengenezwa kwa siku mbili. Mnunuzi alinungunika, lakini mpunga ulifika, na shofere pia alirudi nyumbani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kwa motoka, ufa unaanza na doa moja dogo chini ya pine.