Je, Wajua? Maji ya Embe Kidoleni Hupotosha Kipimo cha Sukari

Je, wajua kwamba mgonjwa wa kisukari anayejipima sukari ya damu mara tu baada ya kumenya embe, bila kunawa, anaweza kupata kiwango cha juu mno ilhali damu yake haina kasoro? Glukometa, yaani kifaa cha kupimia sukari nyumbani, hupokea tone la damu kupitia kipande chembamba chenye kimeng'enya, ambacho ni protini inayoharakisha mmenyuko wa kikemikali, na kwa kuwa kimeng'enya hicho hakitofautishi glukosi ya damu na ile ya tunda iliyobaki kwenye ngozi, zote huhesabiwa pamoja. Pamba yenye spiriti huenda isitoshe; maji na sabuni, kisha kukausha vidole, ndiyo njia ya kuaminika.

Vidole vikiwa safi, matokeo yanaweza kulinganishwa na malengo: Chama cha Kisukari cha Marekani hupendekeza, kwa watu wazima wengi wenye kisukari wasio wajawazito, sukari ya damu ya milimoli 4.4 hadi 7.2 kwa lita kabla ya kula, na chini ya 10.0 saa moja hadi mbili tangu mlo uanze, ingawa daktari anaweza kuweka viwango vingine. Kipimo hicho cha baada ya mlo, ambacho wengi hukipuuza, ndicho kinachofichua athari ya chakula chenyewe: sahani iliyojaa ugali wa sembe kwa kawaida hupandisha sukari zaidi kuliko matonge machache yaliyoliwa kwa maharage na mchicha, kwani nyuzinyuzi, sehemu ya mmea isiyomeng'enywa, huchelewesha glukosi kuingia damuni. Hata uji usiotiwa sukari hupandisha sukari ya damu, maana wanga wake huvunjwa kuwa glukosi.