Uzito wa Baiskeli Unakaa Wapi?

Chukua spoku moja ya baiskeli, yenye unene wa milimita 2, isimamishe mezani na uibonyeze kwa kiganja. Inapinda papo hapo. Sasa mtu mzima mwenye gunia la mkaa nyuma yake anabebwaje na vyuma vya namna hii?

Siri ni kwamba spoku hufanya kazi ikiwa imevutwa. Fundi anaposuka ringi hukaza nati mpaka kila spoku ivute kwa nguvu ya kilo 100 hivi. Kwa spoku 36, hiyo ni zaidi ya tani 3 na nusu, na bado hakuna aliyepanda! Spoku ya sentimita 30 hurefuka kama nusu milimita tu kwa mkazo huo, na nusu milimita hiyo ndiyo akiba yote ya gurudumu. Ukikaa, ringi hubonyea kidogo inapogusa ardhi, na spoku chache za chini hupoteza sehemu ya mkazo wake. Nyingine karibu hazibadiliki. Mkalishe mwenzako juu ya baiskeli iliyosimama, kisha zidonoe spoku kwa ukucha: za chini zitatoa sauti nzito zaidi.

Gurudumu la inchi 28 likienda kilomita moja, kila spoku hulegea na kukazika tena mara 450 hivi. Ndiyo maana spoku huchoka, na mara nyingi hukatikia kwenye kikunjo, pale inapoingia kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Wengi hudhani iliyokatika ilikazwa mno. Aghalabu ilikazwa kidogo: mkazo ukiisha kabisa kila mzunguko, kikunjo huchezacheza tunduni na nati hujifungua yenyewe. Jobst Brandt, mhandisi aliyeandika The Bicycle Wheel mwaka 1981, alisisitiza pia kuzibana kwa nguvu spoku mbili mbili kwa mikono baada ya kukaza. Kitendo hicho cha dakika chache huondoa mikazo iliyobaki ndani ya chuma tangu kilipokunjwa kiwandani. Fundi anayekiruka hajamaliza kazi.

Mkazo wa spoku hutegemea pia habu, na hapa ndipo uchaguzi wake unapoingia. Habu ina sahani mbili zenye matundu ya spoku. Kwenye baiskeli ya gia nyingi, meno ya nyuma huisukuma sahani ya kulia karibu na katikati, hivyo spoku za upande huo husimama wima zaidi. Ili ringi ikae katikati, lazima zikazwe karibu mara mbili ya zile za kushoto. Za kushoto hubaki legelege, na ulegevu huo unaweza kuzikata. Habu ya gia moja haina taabu hiyo, kwa kuwa sahani zake zaweza kukaa mbali kwa usawa. Baiskeli za Raleigh za zamani ziliongezea ujanja mwingine: spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwenye mzigo.

Ukubwa wa sahani, ambao wauzaji huupigia debe, hauna uzito sana. Tazama zaidi umbali kati ya sahani hizo, kisha zungusha ekseli kwa vidole viwili. Ikikwaruza, gololi au vikombe vyake vimeliwa, na hakuna usukaji utakaoiponya habu hiyo.