Uainishaji wa Zeoliti Asilia na Umuhimu wa Jina la Spishi katika Maamuzi ya Sera

Ikisiri

Zeoliti ni familia ya madini yenye spishi nyingi, lakini katika nyaraka za biashara, kilimo na uchimbaji hutajwa mara nyingi kwa jina moja tu. Makala hii inafafanua misingi ya kuziainisha zeoliti asilia, kisha inaonyesha, kwa mfano wa mashapo ya Bonde la Ufa, kwamba spishi mbili zinazopatikana katika eneo moja zaweza kuwa na athari zinazotofautiana kabisa kwa afya ya binadamu. Hoja kuu ni kwamba jina la spishi, wala si jina la familia, ndilo linalopaswa kuwa msingi wa vibali na viwango.

1. Dhana ya zeoliti

Jina hili lilibuniwa mwaka 1756 na mtaalamu wa madini wa Sweden, Axel Fredrik Cronstedt, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya "kuchemka" na "jiwe". Cronstedt aliona kwamba madini hayo yakipashwa moto mkali hutoa mvuke na kufura kana kwamba yanachemka. Mvuke huo ni maji yaliyohifadhiwa ndani ya fuwele.

Kiunzi cha zeoliti hujengwa kwa tetrahedroni, yaani atomu moja ya silikoni au alumini iliyozungukwa na atomu nne za oksijeni. Tetrahedroni hushikana pembe kwa pembe katika pande zote na kuacha vyumba na mifereji midogo mno. Kila alumini inapochukua nafasi ya silikoni, kiunzi hupata chaji hasi moja. Chaji hiyo husawazishwa na ioni za sodiamu, potasiamu au kalsiamu zinazokaa katika mifereji pamoja na maji. Kwa kuwa ioni hizo hazikufungwa kwenye kiunzi, huweza kubadilishana nafasi na ioni nyingine zilizomo katika maji yanayopita. Thamani ya zeoliti katika kusafisha maji, kurutubisha udongo na kulisha mifugo inatokana kwa kiasi kikubwa na sifa hiyo.

2. Misingi ya uainishaji

Msingi wa kwanza ni umbo la kiunzi. Jumuiya ya Kimataifa ya Zeoliti huipa kila aina ya kiunzi alama ya herufi tatu: CHA kwa kabaziti, ERI kwa erioniti, HEU kwa heulanditi na klinoptiloliti. Wataalamu wa Italia, Glauco Gottardi na Ermanno Galli, katika kitabu chao cha 1985, walizipanga zeoliti asilia kwa kufuata vijenzi vya viunzi vyake: minyororo inayozaa fuwele za nyuzinyuzi kama natroliti, pete za tetrahedroni nne kama filipsiti, pete za tetrahedroni sita kama kabaziti na erioniti, na makundi ya mordeniti na heulanditi.

Msingi wa pili ni kemia. Mwaka 1997, kamati ya Jumuiya ya Kimataifa ya Madini iliyoongozwa na Douglas Coombs ilitoa kanuni za majina. Kiunzi kimoja kinapobeba ioni tofauti, spishi huunda mfululizo, na ioni iliyo nyingi zaidi huongezwa mwishoni mwa jina. Hivyo kabaziti-Ca na kabaziti-Na ni spishi mbili. Uwiano wa silikoni kwa alumini pekee hautoshi kutenganisha spishi. Kanuni hiyo ina ubaguzi mmoja mashuhuri: katika kiunzi cha HEU, uwiano ulio chini ya 4 huitwa heulanditi, na ulio 4 au zaidi huitwa klinoptiloliti.

Mazingira ya kutokea hayaamui jina, lakini humsaidia mtafiti kutabiri ni spishi zipi atakazozikuta. Ndiyo maana Bonde la Ufa lina nafasi ya pekee katika taaluma hii.

3. Mashapo ya Bonde la Ufa

Zeoliti nyingi za mashapo hutokana na majivu ya volkano. Kioo kilichomo katika majivu hayo huyeyuka kwa urahisi katika maji yenye magadi mengi, na viambato vyake hujipanga upya kuwa zeoliti. Maziwa yaliyofungika ya Bonde la Ufa, yanayopokea majivu na kupoteza maji kwa mvuke, yana masharti yote hayo.

Katika Bonde la Olduvai, Tanzania, mwanajiolojia Richard Hay alionyesha tangu miaka ya 1960 kwamba zeoliti ziliundwa si ndani ya ziwa la kale tu, bali pia katika udongo wenye alkali ulio juu ya nchi kavu. Miongoni mwa spishi za huko ni filipsiti, kabaziti, analsime na erioniti. Katika mashapo ya Ziwa Magadi, Kenya, Ronald Surdam na Hans Eugster waliripoti mwaka 1976 kwamba erioniti ndiyo zeoliti iliyoenea zaidi, huku klinoptiloliti, kabaziti, mordeniti na filipsiti zikiwa kwa kiasi kidogo. Walieleza pia kwamba analsime ilitokana na zeoliti zilizotangulia. Kwa hiyo, tabaka moja la majivu laweza kubadili spishi kadiri maji yalivyobadilika.

4. Klinoptiloliti na erioniti

Klinoptiloliti huvutia kwa nguvu ioni za amonia na sesiamu. Kwa sababu hiyo hutumika kusafisha majitaka na maji yenye mionzi. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya 651/2013, uliiruhusu kuwa kiongezi katika chakula cha mifugo. Ruhusa hiyo haitaji "zeoliti" kwa ujumla. Inataja klinoptiloliti yenye asili ya mashapo, isiyopungua asilimia 80, isiyo na nyuzi wala kwatzi.

Sharti la nyuzi lina sababu. Erioniti mara nyingi hukua kama nyuzi nyembamba zinazoweza kuvutwa hadi ndani ya mapafu. Katika vijiji vya Karain, Tuzköy na Sarıhıdır, eneo la Cappadocia, Uturuki, nyumba zilijengwa kwa mawe yenye erioniti, na mesotelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu, iliua watu kwa kiwango kisicho cha kawaida. Mwaka 1987, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka erioniti katika Kundi la 1, la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani kwa binadamu. Mwaka 1997 shirika hilo liliziweka klinoptiloliti, filipsiti na mordeniti katika Kundi la 3, la vitu ambavyo ushahidi wake hautoshi kuviainisha.

Kuwepo kwa erioniti ardhini si ushahidi wa ugonjwa. Hatari huanza mwamba unapovunjwa na vumbi lake kuvutwa kwa pumzi. Katika kaunti ya Dunn, North Dakota, Marekani, kokoto zenye erioniti zilitandazwa barabarani kabla ya hatari hiyo kutambuliwa.

5. Hitimisho na mapendekezo

Mambo matatu yanafuata. Kwanza, maombi ya uchimbaji na uagizaji yataje spishi na kiasi cha kila moja. Pili, utambuzi ufanywe kwa eksirei inayosoma mpangilio wa fuwele, na kwa hadubini ya elektroni pale nyuzi zinaposhukiwa. Uchambuzi wa kikemia wa jiwe zima hautoshi, kwa kuwa spishi tofauti hujengwa kwa elementi zile zile. Tatu, machimbo ya kokoto na mawe ya ujenzi katika mashapo ya maziwa ya magadi yapimwe erioniti kabla ya kufunguliwa, hata pale ambapo hakuna anayekusudia kuchimba zeoliti. Gharama ya kipimo hubebwa mara moja. Gharama ya barabara au nyumba iliyojengwa kwa mwamba usiotambuliwa hubebwa na mapafu ya wanaoishi kando yake kwa miongo mingi.