Mirathi bila wosia

Mirathi bila wosia ni mgawanyo wa mali ya mtu aliyefariki dunia bila kuacha wosia.

Tanzania Bara haina sheria moja ya mgawanyo huo. Mahakama hutazama kwanza namna marehemu alivyoishi: kwa mila za kabila lake, kwa Uislamu, au nje ya hayo mawili. Anayeguswa zaidi na tofauti hiyo ni mjane. Katika sheria ya Kiislamu, marehemu akiacha watoto, mjane hupata thumuni (1/8). Wajane wakiwa wengi hugawana thumuni hiyohiyo. Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, iliyoletwa na Waingereza na ambayo bado inatumika, humpa theluthi moja, na watoto, wa kike kwa wa kiume, hugawana sawa theluthi mbili. Kanuni za kimila zilizotangazwa mwaka 1963 hazimpi fungu lolote ikiwa marehemu ana ndugu wa ukoo wake: hutazamiwa atunzwe na watoto.

Kwa kawaida kikao cha ukoo hupendekeza msimamizi wa mirathi, lakini mwenye kumteua ni mahakama. Msimamizi hukusanya mali, hulipa madeni, ndipo hugawia warithi. Usimamizi wenyewe haumfanyi kuwa mrithi, jambo linalosahauliwa mara nyingi.